Nyimbo Bila Daftari

Wiki iliyopita nilifunga safari hadi Majengo, Pumwani, kutafuta maneno ya wimbo mmoja wa arusi. Niliusikia utotoni, nami nataka uimbwe arusini kwa binti yangu. Nilianzia jirani na Msikiti wa Riyadha, nikapita nyumba tatu za mabibi walioimba ujanani mwao. Nilikaribishwa vizuri, chai nikanywa, lakini wimbo nilipewa wa namna tatu. Kila bibi alikuwa na beti zake. Nilipouliza mtungaji ni nani, mmoja alicheka, akasema, "Mwanangu, sisi tuliukuta."

Ndugu wasomaji, jambo hili si dogo. Waingereza nao walikuwa na nyimbo zao za kumbi za tumbuizo, ambazo sasa ni za kale. Lakini nyingi zilichapwa kwenye karatasi, maneno pamoja na nota, na majina ya watungaji. Wimbo wa "Tipperary" ulichapwa mwaka 1912, na majina ya Jack Judge na Harry Williams yangalipo.

Sasa tazama yaliyoupata "Malaika". Fadhili William aliurekodi Nairobi, Miriam Makeba akauvumisha duniani. Fadhili alifariki mwaka 2001, na hadi leo watu wanabishana: wako wasemao ni wake, na wako wasemao ni wa Adam Salim. Lau mtungaji angaliuandika mapema, akatia tarehe na sahihi, ubishi ungalikwisha.

Sisi watu wa taarabu tusijitoe. Wangapi wanaoipenda sauti ya Juma Bhalo wanajua kwamba beti nyingi alizoimba zilitungwa na Ahmad Nassir?

Wako watakaosema kwamba wimbo huishi mdomoni. Ni kweli, lakini mdomo nao hufa. Wala kuandika si desturi ya kuazima. Mwana Kupona alimtungia bintiye utenzi yapata mwaka 1858, ukanakiliwa kwa hati za Kiarabu. Leo haujapotea, wala hakuna mwingine anayeudai.

Basi kila mwenye bibi nyumbani amwendee na daftari. Aandike maneno, jina la mtungaji likijulikana, na arusi ulikoimbwa. Mabibi wakitofautiana, aandike yote. Mimi daftari langu nimeshanunua. Ijumaa baada ya sala, inshallah, narudi Majengo.