*TAWI HALIGAWI NAFASI ZA CHUO: TUPIGE HESABU*

Ndugu wanachama,

Tangu matokeo ya kidato cha sita yatoke, ofisi ya tawi inajaa wazazi kuliko siku ya kulipia ada za kadi. Ombi ni moja: tuandike kimemo ili kijana achukuliwe uhandisi Mlimani. Wengine wameambiwa na mtu, hapa hapa Kariakoo, kwamba Chama kina "nafasi zake" na zinatoka kwa chai kidogo.

Tunasema bila kuzunguka: nafasi hizo hazipo. Tawi halina kiti hata kimoja cha chuo. Anayewaomba hela kwa jina letu ni tapeli. Kama ana kadi ya Chama, kosa lake ni mara mbili.

Lakini tusimlaumu tapeli peke yake. Tapeli hula pale ambapo hesabu haijapigwa. Wenye maduka Mtaa wa Kongo hamwagizi mzigo bila kujua bei, ushuru na nauli. Mbona mtoto aliyesoma sekondari miaka 6 tunamwombea chuo kwa kubahatisha?

*Hesabu yenyewe ni hii.*

NECTA, kwenye divisheni, huhesabu A kuwa 1, B 2, C 3, D 4, E 5. Ndogo ndiyo bora, na Divisheni ya Kwanza ni pointi 3 hadi 9. TCU huhesabu kinyume: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kubwa ndiyo bora. Kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu ni pointi 4 za masomo mawili, na kwa uhandisi masomo ya kuangalia kwanza ni Fizikia na Hisabati ya Juu.

Chukua kijana wa PCM mwenye A ya Kemia, D ya Fizikia na D ya Hisabati. Kwa NECTA ni 1+4+4 = 9. Divisheni ya Kwanza, nyumbani pilau limepikwa. Kwa uhandisi ni 2+2 = 4. Amegusa mstari wa chini kabisa. Mwenzake mwenye C tatu ana 9 ile ile na pilau lile lile, lakini kwa uhandisi ana 6. Divisheni moja, foleni mbili tofauti.

Pointi 4 zinakuruhusu kupanga foleni. Hazikuhakikishii kufika dirishani. Na mzazi wa mtoto wa PCB aelewe: BAM siyo Hisabati ya Juu, hata akiipata A.

Wapo wanaosema kumwambia mtoto haya ni kumvunja moyo. Tunapinga. Mwaka jana kijana wa mwanachama mwenzetu aliomba kozi moja ngumu, akakosa awamu ya kwanza, akairudia ile ile awamu ya pili huku familia ikisubiri kimemo. Dirisha likafungwa. Alikuwa na sifa za kusoma kwingine, lakini hakuomba kwingine. Mpaka leo anauza duka la mjomba wake. Na sisi, tawi, baba yake alipokuja, tulimjibu "tutaona". Hakukuwa na cha kuona. Kosa hilo ni letu, na neno hilo tunalifuta leo.

Wapo pia wanaosema wenye majina wanapita tu. Mwenye ushahidi aulete, tutaupeleka panapostahili kwa maandishi. Ila mwanachama hawezi kulalamikia vimemo asubuhi, jioni akaja kuomba cha kwake.

Tukumbuke tulipo. Chuo kikuu cha nchi hii kilianzia hapa, Mtaa wa Lumumba, mwaka 1961, kwenye jengo la TANU, kabla ya kuhamia Mlimani. Mchango wa Chama ulikuwa paa la kusomea. Huo ndio mchango wa kuiga.

Na uhandisi hauko Mlimani peke yake. Kutoka Viwanja vya Mnazi Mmoja mpaka DIT, kona ya Morogoro na Bibi Titi, ni mwendo wa miguu. Pale mafunzo ya ufundi yapo tangu 1957, na leo wanatoa stashahada na shahada. Mwenye stashahada ya fani yake na GPA ya 3.0 anaweza kuomba shahada. Tunayajua maneno ya mtaani kwamba diploma ni ya walioshindwa. Vitabu vya fedha vya tawi hili vinafungwa na mwenye diploma, na hamjawahi kusikia shilingi imepotea.

*Tunachofanya:*

1. Jumamosi hii saa 4 asubuhi, ofisi ya tawi. Mzazi aje NA MTOTO, na namba za mtihani za kidato cha nne na cha sita. Ni bure.

2. Tutasoma mwongozo wa TCU wa mwaka huu, kozi kwa kozi, na kupanga machaguo ya aina tatu: la ndoto, la uwezo wake, na la uhakika. Hakuna atakayeondoka na ndoto peke yake.

3. Maombi ya Bodi ya Mikopo yana tarehe zake. Msisubiri majibu ya chuo.

4. Atakayechaguliwa zaidi ya chuo kimoja athibitishe kimoja kwa namba ya siri atakayotumiwa, ndani ya muda. Asimpe mtu namba hiyo.

5. Aliyekwishatoa "chai" aje atuambie alimpa nani. Hatutamcheka.

Viongozi wa mashina wafikishe ujumbe huu kwa wasio na simu janja.

Kidumu Chama.

*Katibu wa Tawi, Mnazi Mmoja*