Taa tano za LED si kipima betri, jamani!

Nilikuwa kimya kidogo, testi zimetubana huku hadi kula tunasahau. Leo nimeiba nusu saa maana kuna jambo limenikaa kooni tangu wiki ya prezentesheni za projekti, na nisipolisema nitapasuka. Mnaosoma fani nyingine msikimbie, nitaongea lugha ya kawaida. Na kama nyumbani kwenu kuna sola, linawahusu nyie kuliko hata sisi.

Iko hivi. Kila mwaka lazima wawepo watu wanaoleta "kipima kiwango cha betri chenye maikrokontrola". Kifaa kinaunganishwa kwenye saplai ya maabara, mtu anazungusha kinobu, volti zinapanda, taa zinawaka moja baada ya nyingine: nyekundu, njano, kijani. Makofi! Alama kapata, kaenda zake. Na betri yenyewe iko wapi? Haipo. Kipima betri ambacho tangu kizaliwe hakijawahi kukutana na betri!

Mimi nasema wazi: hicho ni pambo. Na pambo hilo likifika kwa mtu anayelitegemea, linageuka hasara.

Hebu tuhesabu pamoja. Betri ya volti 12, hizi za risasi na asidi, ikiwa imejaa na imepumzika inasoma kama 12.6 au 12.7. Ikiwa imeisha, kama 11.8. Yaani safari yote kutoka "imejaa" hadi "imekwisha" haifiki hata volti 1! Sasa maikrokontrola ya volti 5 ukiipa 12 moja kwa moja unaiunguza, kwa hiyo tunaigawa ile volteji kwa rezista mbili, tuseme kilo-omu 20 na kilo-omu 10, ili ipatikane theluthi. Watu wananunua rezista za bei poa, zile zenye kosa la asilimia 5, wanachomeka, wanaendelea. Shika kalamu: ile ya 20 ikizidi kwa asilimia 5 na ile ya 10 ikipungua kwa asilimia 5, betri yenye volti 12.6 itasomeka 11.77. Betri imejaa pomoni, kifaa kinakwambia imekufa! Na hapo sijagusa zile volti 5 tunazolinganishia, ambazo regyuleta ya 7805 inaruhusiwa kutoa chochote kati ya 4.8 na 5.2.

Dawa yake ni bure kabisa. Chukua multimita, pima betri, linganisha na kifaa chako kinachosema, weka namba ya kurekebisha kwenye programu. Dakika kumi tu. Hizo dakika kumi ndizo watu wanazikwepa.

Tatizo la pili ndilo baya zaidi. Betri ikiwa kazini, volti zake peke yake hazisemi ukweli. Washa inveta, zinaporomoka. Zima, zinapanda tena. Jua likiwaka, chaja ya sola inaisukuma hadi karibu 14.4, na taa zote za kijani zinawaka hata kama asubuhi betri ilikuwa tupu. Mwenye nyumba anaona kijani, anawasha runinga, feni na redio kwa furaha, saa mbili usiku giza. Kesho hivyo hivyo, keshokutwa hivyo hivyo. Betri ya risasi ikiachwa tupu mara kwa mara, salfeti inaganda kwenye bamba zake na uwezo wake haurudi. Mtu kadunduliza miezi mingapi kununua betri ile? Anakwenda kulaumu sola, kumbe muongo ni kile kisanduku chetu chenye taa nzuri.

Halafu kuna hili la kuchekesha. Taa tano zikiwaka muda wote, kila moja miliampea 10, ni miliampea 50. Kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2. Betri ndogo ya ampea-saa 7 inamalizwa chini ya siku sita na hakuna aliyewasha hata balbu! Ni sawa na kuajiri mlinzi wa ghala anayekula mahindi. Weka kitufe, mtu abonyeze akitaka kuona. Kitufe ni bei gani jamani?

Najua wapo watakaosema, "We mjuaji, hii ni ya kupata alama tu, na bumu lenyewe halifiki mwisho wa mwezi." Sawa, vifaa ni ghali, hilo silibishi. Lakini kama unachotaka ni taa tu, IC ya LM3914 inawasha taa kumi bila kuandika mstari hata mmoja wa programu. Sasa maikrokontrola umeiweka ya nini? Thamani yake ni kwamba ina saa na ina kumbukumbu. Inaweza kusoma mara 64 na kuchukua wastani. Inaweza kujua kwamba betri inachajiwa, ikasema "inachaji" badala ya "imejaa". Ukiongeza kipimo cha mkondo, inaweza kuhesabu ampea-saa zinazoingia na zinazotoka. Na siku hizi, betri za lithiamu za LiFePO4 volti zake hazisogei sana katikati ya safari, kwa hiyo bila kuhesabu mkondo unapiga ramli tu.

Kwa hiyo naomba jambo moja, kwa wenzangu na kwa walimu wetu kwa heshima zote. Siku ya prezentesheni, betri halisi iwe mezani. Mtu alete na balbu ya breki ya gari ya wati 21, inavuta kama ampea 1.75. Betri mpya ya ampea-saa 7 kwa hesabu ya haraka ingetoa saa nne, lakini itazima mapema, maana ukivuta kwa kasi unapata pungufu. Mjerumani Peukert alishaliandika hilo mwaka 1897. Jedwali liwepo: saa, volti, taa ngapi zilionyeshwa. Kifaa kikisema nusu, iwe nusu kweli.

Asiye na jedwali hilo, arudi maabara. Akila supu, ale. Bora sisi tule supu hapa chuoni kuliko mtu kule kijijini alale giza na betri mbovu kwa sababu ya taa zetu za kijani.

Naomba kutoa hoja. Narudi kwenye testi, niombeeni!