KONA YA HESABU: 641 na mafuta ya taa



Mwezi uliopita tuliwaachia fumbo: je, 641 ni namba tasa, yaani haigawanyiki kwa namba nyingine ila 1 na yenyewe? Basi baba mmoja katuletea lawama. Binti yake wa darasa la sita aligawanya siku mbili usiku, kwa 2, kwa 3, kwa 4, akafika 118, na mafuta ya taa ya wiki nzima yakaisha. Kosa ni letu. Tulisahau kuwaambia mahali pa kuacha.

Mahali penyewe ni 25. Tuseme 641 imetokana na kuzidisha namba mbili, na zote zinapita 25. Ndogo kabisa ni 26 mara 26, nayo ni 676, imeshapita! Kwa hiyo mtu ajaribu 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19 na 23 tu. Kwa 4 au 6 ya nini? Namba ikikataa 2, hizo nazo imezikataa. Mara tisa, zote zinabakiza. 641 ni tasa, binti alipata.

Sasa, kwa nini tulichagua 641? Chukua 2, izidishe kwa yenyewe, na kila jibu vilevile: 2, 4, 16, 256, 65,536, 4,294,967,296. Kila moja iongezee 1. Tano za kwanza, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, ni tasa. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse huko Ufaransa, aliamini kwamba zote zinazofuata ni tasa pia, ingawa alikiri hana uthibitisho. Ya sita, 4,294,967,297, ilikaa hivyo karibu miaka mia.

Mwaka 1732 Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, Urusi, akaonyesha kwamba inagawanyika. Baadaye alieleza njia: namba tasa yoyote inayoigawa hii lazima iwe 64 mara kadhaa, ongeza 1. Kumbe hakuna haja ya kuhangaika na 3 wala 7! Zinazofaa ni 193, 257, 449, 577, halafu 641. Ya tano tu, ikaingia.

Msituamini hivihivi, zidisheni:

6,700,417 × 600 = 4,020,250,200
6,700,417 × 40 = 268,016,680
6,700,417 × 1 = 6,700,417
Jumla: 4,294,967,297

(Sisi wenyewe mara ya kwanza tulikosea kwenye kujumlisha.) Na mpaka leo, zaidi ya zile tano za mwanzo, hakuna aliyepata nyingine iliyo tasa.

Fumbo la mwezi huu: je, 1,001 ni tasa? Mwisho wa kujaribu ni 31. Na jamani, fanyeni mchana.