Nyonga ya Mwanaume Nayo Ina Misuli

Ijumaa iliyopita, kijiweni kwa muuza kahawa, mzee mmoja alilalamika kuwa mkojo unamdondoka hata baada ya kutoka msalani. Kijana mwenye mikono kama magogo, asiyekosa jimu, akamjibu: "Mazoezi ya nyonga ni ya wanawake waliozaa, babu. Wewe piga pushapu." Watu wakacheka. Mimi nilikereka mpaka kahawa haikupita.

Kwani kibofu cha mwanaume kimeshikiliwa na nini? Toka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma kuna misuli iliyotandazwa kama kamba za kitanda. Ndiyo inayobeba kibofu, inayozuia haja, inayokamua matone ya mwisho, na inayosaidia damu isitoroke uume unaposimama. Eti mwanaume hazai! Na kukojoa je, hakojoi?

Chuma nacho hakimkingi mtu. Ukinyanyua mzigo mzito huku umebana pumzi, msukumo wa tumboni unashukia kamba hizohizo.

Baba yangu mdogo alipasuliwa tezi dume. Akatoka hospitali na karatasi ya dawa, bila hata neno moja kuhusu misuli hii, ilhali kuvuja mkojo baada ya upasuaji ule ni jambo linalojulikana kabisa. Mtu aliyekuwa hakosi safu ya mbele msikitini akawa anaswali nyumbani, kwa kuhofia udhu na kanzu yake. Miezi minane! Mpaka leo nikikumbuka, moyo unaniuma.

Ni kweli, daktari Arnold Kegel wa Marekani, alipoandika kuhusu mazoezi haya mwaka 1948, alikuwa akitibu wanawake. Wengi wameganda hapohapo. Lakini Uingereza, mtaalamu wa fiziotherapia Grace Dorey na wenzake waliwafundisha mazoezi hayo wanaume 55 walioshindwa kusimamisha, wakawataka pia warekebishe mienendo yao. Baada ya miezi 6, asilimia 40 walirudi katika hali ya kawaida. Matokeo hayo yamechapishwa tangu 2004. Sisi huku kila nguzo ya umeme imebandikwa tangazo la dawa ya nguvu za kiume, na mtu anatoa pesa ya ada ya mtoto kununua vumbi la Kongo asilojua limesagwa na nini.

Nilimfuata yule mzee mpaka barazani kwake. Nikamwamkia, nikamwambia: Mzee wangu, kwanza daktari akuangalie tezi dume. Kisha bana kama unayezuia upepo usitoke mbele ya wakwe. Usibane tumbo wala makalio, na pumzi usiikate. Hesabu tano, achia kabisa, pumzika. Mara kumi, asubuhi, mchana na usiku, kwa miezi mitatu bila kukata tamaa.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama anaweza kufanya akiwa ameketi.

Nikamwambia hata ndani ya daladala, na hakuna atakayejua.