Sakafu imeoza, Baba Watoto anataka mbio

Wasomaji wa ukurasa huu mmezoea kuniletea kesi za nyumba zenu. Mume kakopa kwa siri, mke kauza friji la mkwe, kijana kaacha chuo ili awe dalali. Wiki hii kesi ni ya nyumbani kwangu, hapa Jangwani. Mshtakiwa ana miaka 51, ana duka la vyombo Kariakoo, ana watoto watatu, na ameamua kuwa dereva wa mbio za magari.

Gari lenyewe si jipya. Ni Subaru Impreza ya mwaka 1998, ya turbo, rangi ya buluu iliyopauka kama kanga ya miaka kumi. Alilinunua kwa mtu wa hapa hapa mjini, kwa bei iliyomfanya arudi nyumbani akitembea kama aliyeokota pochi. Nikamuuliza mbona rahisi hivyo. "Mwenyewe anasafiri, Mama Watoto." Nimegundua kwamba kila anayeuza gari rahisi mjini hapa anasafiri.

Dar es Salaam hatuna uwanja wa lami wa kukimbizia magari kama wanavyoonyesha kwenye televisheni. Mbio za ridhaa kwetu ni za vumbi: barabara au kiwanja kinafungwa, magari yanaachiwa moja moja, na anayepimwa ni wewe na saa. Ndiko Baba Watoto anakotaka kwenda. Nilipowaza kwamba wenzake wenye magari kama hayo wanashindana usiku kwenye barabara kuu, katikati ya bodaboda na wauza mihogo, nikaona afadhali huko kwenye vumbi. Hilo ndilo neno zuri la kwanza nililowahi kumpa kuhusu gari hilo, naye amelishika kama hati ya kiwanja.

Baba mkwe, tunayeishi naye, alichochea moto. Mwanawe anamwambia Impreza ilishinda Safari Rally mwaka 1997 mikononi mwa Colin McRae, mzee anapiga mkono hewani. Kwake yeye dereva ni Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, akashinda Safari ya Afrika Mashariki mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, na msoma ramani wake Chris Rothwell. Gari lao lilikuwa Peugeot 404, gari la kubebea familia na mizigo ya sikukuu! Na mwaka 1965, mzee anaendelea bila kuulizwa, Joginder Singh wa Kenya alishinda na mdogo wake Jaswant kwa Volvo lililokuwa limeshatumika na timu ya kiwanda mwaka uliotangulia.

"Unaona?" mume wangu akanigeukia. "Mtumba unashinda."

Nikamjibu kwamba Joginder alikuwa fundi. Kabla ya umaarufu aliwahi kuajiriwa na chama cha magari kuwasaidia walioharibikiwa njiani. Wewe umewahi kurekebisha nini zaidi ya antena ya redio?

Turudi kwenye fedha, maana ndipo ndoa zinapochanika. Zamu yangu ya kupokea mchezo ilikuwa imekaribia na yeye alijua. Nilikubali kuchangia kwa masharti mawili. Ada za watoto ziondoke kwanza na ziwekwe mahali ambapo yeye hana namba ya siri. Pili, nione orodha ya anachotaka kununua.

Orodha ilianza na egzosi kubwa. Ikafuata rimu, kisha stika za ubavuni, kisha taa za mbele. Breki zilikuwa za tisa. Mkanda wa kiti haukuwepo.

Nikachukua daftari la duka, nikafungua kurasa mbili zinazotazamana. Ukurasa wa kushoto nikaandika vitu vya kulizuia gari na kumlinda mtu. Ukurasa wa kulia, vitu vya kulikimbiza na kulipamba. Hakuna shilingi itakayokwenda kulia mpaka kushoto kuishe. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu alisema twende Gerezani.

Tulikwenda sisi watatu, pamoja na binti yetu wa pili anayesubiri matokeo ya kidato cha nne na ambaye, kwa sababu nisizozijua, anapenda spana kuliko simu. Gerezani mwanamke akiuliza spea anaangaliwa usoni kwanza, kisha anatajiwa bei mbili. Lakini nilijifunza mengi, na mengine yatawafaa hata ninyi mnaoendesha vigari vya kwenda sokoni.

La kwanza ni mafuta ya breki. Yanavuta unyevu hewani jinsi biskuti inavyolainika ukiacha kopo wazi, na pwani yetu hii unyevu haupumziki. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki mpaka yafike angalau nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanywa maji, kiwango kinaweza kushuka mpaka 155. Kwenye foleni ya Morogoro Road hutaona tofauti. Kwenye mbio, breki zinapashwa moto mfululizo, mafuta yanachemka, yanatoa mapovu, na pedali inazama mpaka chini bila gari kusimama. Na haya ndiyo mafuta rahisi kuliko vyote dukani! Ya gari letu yalitoka na rangi ya chai ya rangi.

Tairi nazo zina tarehe ya kuzaliwa. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji mmoja alituonyesha tairi "mpya kabisa" lenye kashata nzuri, binti akainama akasoma, akasimama, akasema, "Baba, hili ni rika langu."

Helmeti ndiyo ilituletea ubishi. Kariakoo imejaa helmeti za bodaboda, na Baba Watoto alitaka moja ya elfu thelathini na tano yenye mchoro wa moto. Ya magari ni kitu kingine: kitambaa cha ndani kimepimwa kisishike moto, na ganda limepimwa kwa kugongwa kwenye chuma kama kile kinachokuwa juu ya kichwa cha dereva. Ile yenye mchoro wa moto ingeshika moto wa kweli. Mikanda ya mbio pia ina lebo yenye mwaka wa mwisho wa kutumika. Tuliletewa ya mtumba, mizuri, myekundu, lebo imekatwa kwa mkasi. Niliuliza kwa nini imekatwa. Muuzaji akasema ilikuwa inamkwaruza mwenyewe shingoni. Tuliiacha.

Sasa msiba wenyewe.

Gari la mbio huvuliwa nguo. Unatoa viti vya nyuma, kapeti, mapambo ya milango, kila kisicho na kazi, ili liwe jepesi na lisiwe na vya kuungua. Jumapili moja binti na baba yake walikuwa uchochoroni pembeni ya nyumba wakivua. Kapeti ilipoinuka, chini yake kulikuwa na tope kavu la kijivu, unene wa kidole, na ganda la konokono.

Mtu wa Jangwani hahitaji kuambiwa tope hilo ni la wapi. Sisi tulioona majirani wa bondeni wakihamishiwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011 tunalijua kwa harufu. Gari lilikuwa limekunywa maji. Siwezi kuapa kwamba ni ya Msimbazi, lakini konokono hasafiri na ndege kutoka Japani. Baadaye fundi mmoja mzee alitufundisha kitu ambacho tungekijua mapema tusingelia: ukienda kununua gari, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa. Muuzaji husafisha viti na kapeti, lakini sehemu ya mkanda inayojikunja ndani hubaki na mstari wa maji.

Tope halikuwa tatizo kubwa. Chini ya tope kulikuwa na kutu, upande wa dereva, pale unapoweka visigino. Na tayari tulikuwa tumeagiza keji, kile kizimba cha mabomba ya chuma kinachojengwa ndani ili gari likibiringika paa lisimshukie dereva. Kizimba kina miguu, na miguu hiyo inasimama kwenye sakafu.

Fundi wa bodi, rafiki wa mume wangu, alikuja akaangalia. "Shemeji, usiwe na wasi. Tunapiga puti, tunapiga rangi nyeusi, wakaguzi hawaoni kitu." Zilikuwa zimebaki siku 9 kufika mbio na kiingilio kilikuwa kimelipwa. Baba Watoto alikuwa ananiangalia mimi, haangalii sakafu.

Binti hakusema neno. Alichukua bisibisi, akaiweka juu ya kutu, akaisukuma kwa kiganja. Ilipita. Tuliona ncha yake upande wa pili, na chini yake mchanga wa uchochoro wetu.

"Baba, mguu wa keji utasimama hapa?"

Fundi akaanza kueleza kwamba uzito unagawanyika. Nilimwomba asubiri kidogo. Kanuni za kimataifa za mbio zinataka kila mguu wa kizimba uwe na bamba la chuma lisilopungua unene wa milimita 3 na eneo la sentimita 120 za mraba, lililochomelewa kwenye bodi. Bamba hilo ukilichomelea kwenye kutu, gari likipinduka mguu unatoboa sakafu jinsi bisibisi ilivyotoboa, na kizimba kizima kinashuka na paa. Na mabomba yenyewe fundi alipanga kutumia yale ya kutengenezea mageti. Bomba la geti ni bati lililokunjwa na kuungwa. La kizimba linatakiwa lisiwe na maungio kabisa, na tao kuu liwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5. Geti likipinda unaita mchomeleaji. Hili likipinda unaita ndugu.

Mume wangu alisema jambo ambalo bado linanisumbua. Alisema, kwa sauti ya chini, "Ni mbio moja tu. Sitabiringika."

Nilitaka kupiga kelele, lakini siku hiyo mtaani kulikuwa na mechi na mashabiki wa Yanga walikuwa wameshaanza ngoma, nisingesikika. Aliyejibu ni mzee, kutoka kwenye kiti chake cha kamba. "Mwaka 1963 yaliondoka magari 84. Yaliyofika ni 7. Mwaka 1968 tena 7." Akanyamaza kidogo. "Wote walidhani watafika."

Baba Watoto aliingia ndani akakaa kitandani. Niliporudi kumwangalia alikuwa ameshika simu, anaandika ujumbe wa kujitoa. Kiingilio hakikurudishwa, nasi hatukugombana nacho. Nilikaa pembeni yake. Akaniambia kwamba tangu duka lianze kuyumba amekuwa akiamka kila siku akijua siku nzima itakuwaje, na kwamba akiwa kwenye lile gari hajui. Miaka 24 ya ndoa na sikuwahi kusikia hilo. Sikuwa na jibu la kumpa, nikamuuliza kama amekula.

Kazi ya sakafu imechukua wiki saba. Imekatwa kwa grenda mpaka ilipopatikana chuma safi, ikachomelewa bati jipya, si na yule rafiki bali na fundi mwingine anayechukua pesa nyingi na hasemi "usiwe na wasi". Nyaya za chini ya viti, zilizokuwa na kutu ya kijani, zimebadilishwa moja moja. Binti ndiye aliyezichora kwenye daftari la fizikia. Tulibadilisha taimingi belti pia, kwa sababu ya injini hii hupewa kilomita 100,000, na dashibodi ya gari lililozama haiaminiki hata ikikutajia saa. Na thamostati, ambayo mtu alikuwa ameing'oa, imerudishwa. Hii tabia ya kung'oa thamostati kila injini ikipata joto sijui nani aliileta mjini hapa. Rejeta ikiziba, zibua rejeta.

Ukurasa wa kushoto wa daftari umebakiza vitu viwili: mikanda yenye lebo, na mtungi wa kuzima moto wenye tarehe inayosomeka. Ukurasa wa kulia bado una egzosi peke yake, ameizungushia duara kwa wino mwekundu. Matokeo ya binti yametoka, amefaulu, na anasema anataka chuo cha ufundi. Baba yake anasema uhasibu. Hiyo ni kesi nyingine, nitaileta ikiiva.

Juzi usiku mvua ilishuka, ile inayogonga mabati kama mtu anadai kodi. Saa tisa nilishtuka, upande wake wa kitanda mtupu. Nikamkuta uchochoroni na tochi, suruali imekunjwa mpaka magotini, anamulika chini ya gari. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Subaru lilikuwa juu ya stendi nne, kavu kabisa. Nikamkumbusha kwamba friji letu lipo kwenye tofali mbili tu, na nikaenda kushika upande mmoja ili tulipandishe.