Rais Hatoi Fedha, Anayetoa ni Sisi

Wiki iliyopita nilihudhuria uzinduzi wa zahanati moja ya kata. Diwani akashika kipaza sauti: "Tumshukuru Mheshimiwa Rais kwa kutupatia fedha hizi. Bila yeye wake zetu wangeendelea kujifungulia njiani!" Vigelegele vikapigwa. Mbele yangu alikaa mama mmoja na ndoo yake ya maandazi aliyokuja kuuza, naye akapiga. Nilikereka, na mpaka leo sijatulia.

Fedha zile ni za yule mama. Kila kipande cha sabuni anachonunua dukani kina asilimia 18 ya VAT. Akiweka umeme wa LUKU, kodi ya jengo inakatwa humo humo. Bodaboda aliyopanda kuja pale inakunywa petroli yenye tozo. Katoa yeye, halafu anaambiwa ashukuru kana kwamba kapewa sadaka!

Katiba ya 1977 imeliweka wazi jambo hili. Hakuna kodi inayotozwa bila sheria ya Bunge, na fedha hazitoki Mfuko Mkuu wa Hazina kwa matumizi ambayo sheria haijayaidhinisha. Hakuna mfuko wa Rais wa kujengea zahanati.

Wapo watakaonijibu kwamba kumshukuru mkubwa ni mila yetu, mbona babu zetu waliwashukuru machifu. Upuuzi mtupu. Machifu tuliwafutia mamlaka kwa sheria mwaka 1963, Jamhuri ikiwa bado changa. Anayetamani utawala wa chifu aseme hivyo hadharani, na ng'ombe wa kupeleka awe naye tayari.

Urais wenyewe hatukuurithi kwa mababu. Tulipata uhuru mwaka 1961 bila rais: Mwalimu Nyerere alikuwa Waziri Mkuu, na Malkia wa Uingereza aliwakilishwa na Gavana Mkuu. Cheo cha Rais kilianza tarehe 9 Desemba 1962, kikachukua kiti cha Gavana Mkuu pamoja na uongozi wa serikali. Ni kazi tuliyoiunda kwa sheria, na anayeifanya analipwa mshahara.

 

Lakini wanaonichoma zaidi ni wabunge. Bajeti wanaipitisha wao, kisha wakisimama kuchangia, dakika za mwanzo zote wanamshukuru Rais kwa fedha walizoziidhinisha wenyewe. Huenda wanaikumbuka Ibara ya 90: Bunge likikataa bajeti ya Serikali, Rais anaweza kulivunja. Kura ya maoni ya Katiba mpya iliahirishwa mwaka 2015 na hadi leo haijapigwa. Mjadala ukifunguliwa tena, waanze kwa kuifuta Ibara hiyo ya 90.