Muuguzi Aliyekiri

Kila maiti inapotoka wodini katika hali ya kutatanisha, hazikosekani sauti za kudai kwamba muuguzi wa zamu afukuzwe kazi, au atiwe ndani. Hasira ya wafiwa twaielewa na wala hatuibezi. Lakini kazi ya Serikali haiendeshwi kwa hasira, na tungependa wahusika wayazingatie yaliyotokea mjini Nashville, katika jimbo la Tennessee, Marekani.

Desemba 2017, muuguzi RaDonda Vaught alitakiwa ampe mgonjwa wa miaka 75 dawa ya kumtuliza, iitwayo Versed, kabla ya kupigwa picha ya uchunguzi. Kabati la dawa la hospitali ile liliendeshwa kwa kompyuta. Aliandika herufi mbili, V na E. Dawa haikuonekana, kwani ilikuwa imeorodheshwa kwa jina lake jingine. Akapita njia ya dharura ya kufungulia kabati, akatoa vekuroniamu, ambayo hupoozesha misuli, hata ile ya kupumulia. Mgonjwa akafariki. Tuseme kweli: kizibo cha chupa kilikuwa na onyo, tena dawa ile ni unga, ilhali aliyoitafuta ni ya maji. Hapo pana uzembe, na leseni yake ilifutwa mwaka 2021.

Hata hivyo, kosa lilipogunduliwa alikiri papo hapo. Hospitali haikuiarifu serikali kama ilivyopasa. Mambo yalifichuka mwaka 2018 kwa taarifa ya mtu asiyejitaja. Machi 2022 mahakama ilimtia muuguzi hatiani, na baadaye akapewa kifungo cha nje cha miaka 3. Katika wakubwa wake hakuna aliyepandishwa kizimbani.

Sisi tuliokaa chuoni kabla ya kwenda skuli tulifundishwa mapema kwamba kuua kwa kukosea na kuua kwa kusudi havihukumiwi sawa. Baina ya viwili hivyo pana uzembe, nao una adhabu yake. Tunalolihofia ni hili: muuguzi wa hapa Visiwani, peke yake zamu ya usiku, chupa mbili zinazofanana zimo katika trei moja. Akikosea saa nane za usiku, je, atamwamsha daktari, au ataitupa chupa na kunyamaza? Akinyamaza, mgonjwa hukosa dakika za kuokolewa, na trei ile humngojea mwenzake wa kesho.

Kentucky, jirani ya Tennessee, ilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuwakinga watumishi wa afya wasishtakiwe kwa jinai, isipokuwa kwa kusudi au uzembe uliokithiri. Sisi tunaiomba Wizara ianzie karibu zaidi: taarifa ya kosa ipokewe kwanza na kamati ya hospitali, wauguzi wakiwamo, nayo iulize kabla ya lolote dawa ile iliwekwaje pale, na zamu ile ilikuwa na watu wangapi.